Tamasha letu la filamu huru lina filamu nzuri ila viti vitupu, tunakosea wapi?

"Habari mtaalamu. Mimi na wenzangu wanne tunaendesha tamasha dogo la filamu huru, zile zisizo za kampuni kubwa, unaokuja ni mwaka wa nne. Filamu tunapata nyingi, mwaka jana tulionyesha 64 kwa siku tano na nyingine zimeshinda tuzo huko nje. Shida ni watu. Ukumbi wetu una viti 350, usiku wa ufunguzi unajaa, kuanzia siku ya pili tunabaki na watu 20 au 25, na ukiwaangalia vizuri ni wenye filamu wenyewe na marafiki zao. Tukafanya kiingilio bure, watu wakajiandikisha mpaka nafasi zikaisha, siku yenyewe nusu hawakutokea. Tumelipia matangazo mtandaoni, laiki zipo watu hawapo. Mdhamini mkuu anataka namba kabla ya kusaini tena. Wenzangu wanasema watu siku hizi wamezoea simu, filamu huru hawazitaki, bora tuhamie onlaini au tutafute staa mkubwa. Mimi nimefika mahali nakopa hela kwa jina langu kuziba mapengo, na usingizi sipati vizuri. Tuendelee au tuache? Na kama ni kuendelea, tubadilishe nini kwanza?"

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kuleta namba, maana wengi wananiandikia "watu hawaji" basi imeishia hapo, sasa mimi sijui hawaji wangapi, siku gani, kwenye ukumbi wa ukubwa gani. Wewe umenipa karibu kila ninachohitaji. Kwa nilivyokuelewa una hofu mbili zilizoshikana: moja ni kwamba labda hii kazi haina wenyewe, watu hawaitaki tu, na ya pili ni kwamba unazama nayo kifedha na kimwili. Ya pili nitaifikia, usidhani nimeisahau.

Tuanze na usiku wa ufunguzi, maana jibu umeshalitaja bila kujua. Ukumbi wa watu 350 ulijaa. Kwa hiyo watu wanatoka nyumbani, wanavaa, wanapanda usafiri, wanakuja kukaa gizani kuangalia filamu ambayo hawajawahi kuisikia. Simu zao walikuwa nazo siku hiyo pia. Sasa jiulize usiku ule ulikuwa na nini ambacho Jumatano saa kumi jioni haikuwa nacho. Ulikuwa na filamu moja tu, saa moja inayojulikana, mtu alijua atamkuta nani pale, wengi walialikwa kwa majina yao, na kulikuwa na sababu ya kusema "twende". Siku ya pili mkawapa ratiba ya kurasa kumi na mbili na filamu sitini na kitu, mkawaambia chagueni. Hapo ndo mnapowapoteza.

Hili watu wa matamasha wengi hawapendi kulisikia, mtu wa kawaida haendi "kwenye tamasha". Anaenda kwenye filamu moja, siku moja, saa fulani, na mtu fulani. Nyie waandaaji mnaliona tamasha zima kwa sababu mmeishi nalo mwaka mzima, nembo mnaijua, kaulimbiu mnaijua, yeye anaona bango lenye picha ndogo ndogo ishirini na neno "huru" ambalo halimwambii kama atacheka au atalia au atasinzia. Kwa hiyo kutangaza tamasha kama tamasha, hata ukilipia matangazo kiasi gani, unapata laiki. Laiki ni mtu kusema "hongereni kwa juhudi". Haina maana kwamba atakuja, na sidhani kama alikudanganya, hukumuuliza kama anakuja.

Halafu tupige hesabu kidogo. Filamu 64 kwa siku tano, nyingine fupi mmezifunga pamoja, tuseme mlikuwa na maonesho matano kwa siku. Hayo ni 25. Zidisha kwa viti 350, mlikuwa mnauza nafasi 8,750. Kuna siku mlikaa mkaulizana hao watu 8,750 ni akina nani na wanatoka wapi? Najua hamkukaa, karibu hakuna anayekaa. Ukumbi mnauchukua kwa sababu ulipatikana, filamu mnazichukua kwa sababu ni nzuri, na namba ya viti inajizaa yenyewe huko nyuma.

Na ukumbi mkubwa una ubaya wake peke yake. Watu 25 ndani ya viti 350 ni msiba. Watu hao hao 25 kwenye chumba cha viti 40 ni usiku mzuri, wanacheka pamoja, maswali yanatoka, mtu anarudi nyumbani anasimulia. Mtazamaji anausoma ukumbi kabla filamu haijaanza, akiona pametawanyika anajihami, anakaa karibu na mlango, anaanza kuitafutia filamu makosa, na akitoka hamwambii mtu. Filamu haijabadilika hata fremu moja. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ambalo ningefanya, kabla ya kugusa matangazo, ni kushusha: filamu ndefu kumi hivi, bloku tatu nne, yaani mafungu ya filamu fupi zinazoonyeshwa mfululizo, kila fungu lisizidi dakika 75, siku tatu, ukumbi wa viti 60 mpaka 100. Ufunguzi tu ndo ubaki kwenye ukumbi mkubwa kama bado mnaupata.

Najua hapo wenzio watapiga kelele, "tutawaacha wenye filamu". Ndiyo, na hapa tuzungumze ukweli. Tamasha lina wateja wa aina mbili, wenye filamu na watazamaji, na kwa tamasha dogo ni rahisi mno kuwahudumia wa kwanza ukadhani unawahudumia wa pili. Wenye filamu wanakutafuta wenyewe. Mtandao kama FilmFreeway, ambao uko tangu 2014, unamwezesha mtu aliye upande wa pili wa dunia kukutumia filamu yake kwa kubonyeza mara chache, na mara nyingi na ada analipa. Wewe unaona maombi mia tatu, unajisikia tamasha limekua. Halijakua, ni sanduku la barua tu limejaa. Kila filamu unayoikubali unampata mtu mmoja anayeposti kwa furaha kwamba amechaguliwa, marafiki zake wanampongeza, na hao wote wanaishi nchi nyingine. Na mwenyewe akija akaonyeshwa mbele ya viti vitupu unadhani atafurahi? Mwongozaji yeyote ukimuuliza atakwambia bora asichaguliwe kuliko kusimama mbele ya watu wanane kujibu maswali.

Sasa hilo la "watu hawataki filamu huru". Rotterdam kule Uholanzi, moja ya matamasha makubwa ya filamu huru duniani, usiku wake wa kwanza kabisa mwaka 1972 waliingia watu 17. Kumi na saba, nyie 25 mnalia. Tamasha la Telluride kule Colorado, Marekani, lililoanza 1974, mpaka leo halitangazi orodha ya filamu mpaka tamasha linapokaribia kabisa kuanza, watu wananunua pasi bila kujua wataona nini. Clermont-Ferrand Ufaransa wanaonyesha filamu fupi, kitu ambacho kila mtu atakwambia hakiuziki, walianza 1979 kama wiki ya filamu ya kikundi cha wanafunzi wa chuo, siku hizi hesabu ya mahudhurio yao inapita 150,000 kwa awamu moja. Sikupi hizi ili ujilinganishe nao, hao wana miongo ya kazi nyuma yao na fedha za umma juu yake, na hata ukubwa hauokoi kila mara, tamasha la filamu la Edinburgh kule Uskoti ambalo liko tangu 1947, taasisi iliyokuwa inaliendesha ilifilisika Oktoba 2022. Nakupa uone kwamba aina ya filamu siyo inayofukuza watu. Yule mtu wa Telluride ananunua bila kuona orodha kwa sababu ameshawahi kuja, akapata kitu, akaja tena. Anaamini mkono unaochagua.

Na hapa ndipo penye kiini chenyewe. Mtu kabla hajatoka nyumbani kuna maswali anajiuliza, hata kama hayasemi: inahusu nini, nitaenda na nani, inaisha saa ngapi, nitarudije, na kama ni mbaya nitakuwa nimepoteza nini. Sinema ya kibiashara imeshayajibu, ina staa, ina trela lililorudiwa mara hamsini, ina sehemu ya kwanza aliyoiona. Filamu huru haina hata kimoja, kwa hiyo tamasha linatakiwa liidhamini filamu mbele ya mtazamaji kwa jina lake, liseme "niamini mimi". Lenu lina miaka mitatu, na kwa miaka hiyo mitatu walioingia ni wenye filamu, kwa hiyo jina lenu huko mtaani halijawa na uzito bado. Hapo kuna njia mbili tu ninazozijua, mnaazima jina la mtu mwingine wakati mnajenga la kwenu.

Kuazima ni hivi. Kila onesho lipewe mwenyeji. Chukua ratiba yenu mpya ya maonesho kumi na tatu au kumi na nne, mbele ya kila moja andika kundi moja la watu ambao tayari wanakutana na tayari wanaaminiana: chama cha manesi, walimu wa shule fulani, kikundi cha waendesha baiskeli, kwaya, chama cha viziwi kama filamu ina manukuu ya kueleweka chini ya picha, wazee wastaafu. Kama kuna onesho hukupata kundi la kuandika mbele yake, hilo onesho litoe, hata kama filamu imeshinda tuzo kumi. Halafu usiende kuwaomba "ushirikiano" na nembo kwenye bango, hiyo haileti hata mtu mmoja. Nenda kamuone mtu mmoja ndani ya kundi, mwonyeshe filamu au nusu yake, mwambie tuna viti 60, nakuwekea 30 mpaka siku tatu kabla, na filamu ikiisha mtu wenu ndo anashika maiki kuongoza mazungumzo. Ukishampa maiki, onesho linakuwa lake, atawaleta.

Ujumbe atakaoutuma kwenye kundi lao la WhatsApp ndo tangazo lenu, na usimwachie autunge peke yake. Hapa nataka nikuonyeshe kitu, kwa sababu nimesoma maelezo ya filamu kwenye katalogi nyingi na mengi yameandikwa kwa ajili ya majaji. Tuseme kuna filamu mmeiandikia hivi: "Tafakuri ya kishairi kuhusu mwili, kumbukumbu na uhuru katika jamii inayobadilika." Hiyo hata mimi siendi. Sasa filamu hiyo hiyo iandike hivi: "Mama wa miaka sitini anajifunza kuendesha gari kwa siri, mume wake hajui. Inachekesha, mwishoni inaumiza kidogo. Dakika 78. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni, saa mbili na nusu mmeshatoka, aliyeitengeneza atakuwepo. Mimi nakwenda na dada yangu, nani tunaenda naye?" Ona hiyo sentensi ya mwisho, ndiyo inayofanya kazi kuliko zote, na ndiyo ambayo tangazo la kulipia haliwezi kuisema.

Kuhusu kiingilio bure. Watu wengi wanadhani bure ndo njia ya mkato, kumbe bure ina tabia yake: kujiandikisha hakukumgharimu kitu, na kutokuja nako hakumgharimu kitu, kwa hiyo mvua ikinyesha kidogo au akichoka tu, habari imeisha. Siyo dharau. Ila siwezi kukwambia tozeni basi yaishe, maana ukitoza unaweza kuwafungia nje hao hao unaowataka. Ninachopendelea mimi ni kiingilio kidogo kwa wote, halafu viti vya bure vinapitia kwa wale wenyeji, maana mtu aliyepewa kiti na mwalimu wake au mwenyekiti wake anakuja, anaona aibu kutokuja. Kama sheria za mfadhili au ukumbi zinawalazimisha bure, basi tumeni meseji ya kukumbusha asubuhi ya siku yenyewe, ruhusuni kujiandikisha kupita idadi ya viti, na semeni wazi kwamba dakika kumi kabla ya kuanza nafasi isiyo na mtu inapewa aliyeko mlangoni. Mwaka mmoja wa kuhesabu utakuonyesha ni sehemu gani ya waliojiandikisha huwa haitokei kwenu, na mtapanga kwa namba hiyo.

Onlaini sasa. Mwaka 2020 na 2021 matamasha mengi yalihamia huko kwa lazima, hata Sundance, tamasha kubwa la filamu huru la Marekani, la 2021 lilikuwa karibu lote mtandaoni, na walipata watu. Lakini walikuwa wanajulikana kabla, walihamisha watu wao, hawakuwazalisha kule. Nyie mkienda huko leo mnakwenda kusimama kwenye rafu moja na kila kitu kilichowahi kutengenezwa, bila ukumbi, bila mwongozaji, bila yule dada wa kwenda naye. Tena kuna suala la haki, ruhusa ya kuonyesha ukumbini haikupi ruhusa ya kuweka mtandaoni, na wengi watakataa kwa sababu wanalitunza onesho la kwanza la filamu yao kwa ajili ya tamasha jingine. Itumieni kama nyongeza kwa bloku moja ya filamu fupi, siyo makazi mapya.

Staa? Atawajazia usiku mmoja, na mkifuata mazoea mtamweka ufunguzi, usiku ambao unajaa bila yeye. Kama mmepata mtu maarufu kwa bei ya urafiki basi awekwe siku ya pili, kwenye filamu ambayo anaipenda kweli na yuko tayari kuielezea. Kumlipa ili apige picha kwenye zulia jekundu, hapana.

Njia ya pili, ya kujenga jina lenu wenyewe, ni ya taratibu na haina picha nzuri za kuposti. Onyesheni filamu moja kila mwezi, chumba kidogo, siku ile ile ya mwezi, saa ile ile, mwaka mzima. Watu hawajengi mazoea na kitu kinachotokea mara moja kwa mwaka, hata akipenda atasahau. Mlangoni pawe na karatasi ndogo ya kupigia kura filamu na nafasi ya kuacha namba ya simu kwa anayetaka kuambiwa ya mwezi ujao. Toronto, ambalo nalo ni tamasha la tangu 1976, tuzo yake inayozungumzwa kuliko zote ni ile inayopigiwa kura na watazamaji, na sababu ni rahisi, mtu akishapiga kura anataka kujua nani kashinda. Hiyo orodha ya namba ikifika mia mbili ya watu waliokuja kwa miguu yao, ina thamani kuliko wafuasi elfu kumi. Kama ungenibana nitaje badiliko moja tu, ni hili la kila mwezi.

Mdhamini usimdanganye. Usimpelekee "waliojiandikisha", ipo siku atatuma mtu wake akae nyuma ahesabu. Mpelekee vichwa vilivyohesabiwa ndani, asilimia ya viti vilivyokaliwa, na wangapi walikuwa wanakuja mara ya kwanza. Ukumbi wa viti 80 uliokaliwa kwa asilimia 75 mara kumi na tatu ni watu 780 wa kweli, na mdhamini mwenye akili anaelewa tofauti. Asiyeelewa atawaachia mapema, na mapema ni nafuu kuliko wiki mbili kabla.

Mwendelee au muache? Mimi naona kuna chaguo nne, siyo mbili: kuendelea kama mlivyo, kupunguza mpaka siku mbili tatu, kuruka mwaka huku mkifanya ya kila mwezi, au kubaki klabu ya kila mwezi bila tamasha kabisa. La kwanza silishauri hata kidogo. La tatu ndo ningechagua mimi kwa hali uliyoieleza, na usione aibu kuruka, FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, Burkina Faso, lililoanza 1969 linafanyika kila baada ya miaka miwili na hakuna anayesema limeshindwa. Ubaya wake nikwambie pia, mkiruka mnaweza kupoteza ukumbi na huyo mdhamini, na timu ya kujitolea ikipoa kuirudisha ni kazi. La pili litawaweka hai ila linataka nguvu, na wewe nguvu sioni kama unazo kwa sasa.

Ndiyo narudi kwako. Kukopa kwa jina lako kulipia tamasha acha leo, siyo baada ya awamu hii. Tafuta mhasibu wa kukaa naye ana kwa ana, mpelekee risiti zote na mikataba, akutenganishie deni la tamasha na deni lako, maana kwa mbali mimi siwezi kuona hizo karatasi na mtu yeyote anayekushauri bila kuziona anabahatisha. Kama hamjasajiliwa, au mmesajiliwa lakini wewe ndo uliyesaini kila kitu, muone na mwanasheria kabla ya kuvunja mkataba wa ukumbi au kutangaza kwamba mnaahirisha. Na usingizi, kama imeshapita wiki kadhaa hulali vizuri muone daktari, mweleze na habari ya madeni usimfiche, siyo mpaka uanguke.

Lingine la haraka: kama mmeshafungua dirisha la kupokea filamu za mwaka wa nne na mnachukua ada, lifungeni kwanza wiki hii mpaka muamue. Mkiamua kuruka, rudisheni ada za waliokwisha kutuma na waandikieni wenyewe sababu, kabla hawajaisoma kwa mtu mwingine.